Kihispania na Sayansi ya Kompyuta: Yanayopaswa Kufahamika Kabla ya Kujaza Fomu ya Masomo Nchini Marekani

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka, wanafunzi wa shule za sekondari za juu nchini Marekani, yaani darasa la 9 hadi la 12, huchagua masomo watakayosoma mwaka unaofuata. Kwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili nchini humo, ziwe zimetoka Tanzania, Kenya, Kongo au Burundi, uchaguzi huo huachwa mikononi mwa kijana na shule yake. Hata hivyo, mstari mmoja katika fomu hiyo unaweza kuamua iwapo kijana atatimiza masharti ya udahili wa chuo kikuu anachokusudia.

Miongoni mwa masomo yanayozua maswali ni Kihispania cha ngazi ya juu na sayansi ya kompyuta ya awali. Makala haya yanaeleza masomo hayo, na kwa nini moja haliwezi kuchukuliwa kuwa badala ya jingine bila uchunguzi.

Masomo yenyewe

Yote mawili hutolewa katika shule nyingi chini ya mpango wa Advanced Placement, maarufu kama AP, unaosimamiwa na taasisi ya College Board tangu mwaka 1955. Mwanafunzi husoma kwa kiwango cha mwaka wa awali wa chuo kikuu au zaidi, kisha hufanya mtihani mwezi Mei na kupewa alama kuanzia 1 hadi 5. Vyuo vingi humhesabia krediti aliyepata 3 au zaidi, ingawa vingine hudai 4 au 5. Ada ya kila mtihani ni karibu dola 100, na familia zenye kipato kidogo hupunguziwa.

Kihispania cha AP hakianzi na salamu. Mwanafunzi hutarajiwa kuwa na msingi wa miaka kadhaa, kwa kuwa hupimwa kusikiliza, kusoma, kuandika hoja kutokana na vyanzo mbalimbali, na kuzungumza kwa kulinganisha utamaduni wa jamii mbili. Lipo pia somo la pili la AP, linalohusu fasihi ya Kihispania.

Sayansi ya kompyuta ni tofauti. Somo la Computer Science Principles, lililoanza kufundishwa mwaka wa masomo wa 2016/17, halihitaji mwanafunzi awe amewahi kuandika programu. Linagusa data, algorithimu, mitandao na athari za teknolojia kwa jamii, na mwanafunzi hutengeneza programu yake mwenyewe inayohesabiwa katika alama za mwisho. Anayetaka kuzama zaidi husoma Computer Science A, linalotumia lugha ya Java.

Panapotokea mkanganyiko

Kwa kuwa programu za kompyuta nazo huandikwa kwa kile kinachoitwa lugha, baadhi ya majimbo yamejadili iwapo somo hilo linaweza kushika nafasi ya lugha ya kigeni. Jimbo la Texas, kwa sheria ya mwaka 2013, lilifungua njia ya krediti mbili za lugha za programu kukubaliwa badala ya krediti mbili za lugha ya kigeni katika kuhitimu sekondari. Florida, Baraza la Seneti la jimbo lilipitisha muswada wenye lengo kama hilo mwaka 2016, lakini haukuwa sheria. Arkansas ilichukua njia nyingine: mwaka 2015 iliagiza kila shule ya sekondari ya umma kufundisha sayansi ya kompyuta.

Jambo la kuzingatia ni kwamba masharti ya kuhitimu sekondari si masharti ya kudahiliwa chuo kikuu. Chuo Kikuu cha California, kwa mfano, humtaka mwombaji awe na miaka miwili ya lugha isiyo Kiingereza, na hupendekeza mitatu; kuandika programu hakuhesabiwi kuwa lugha. Kijana anaweza kupata cheti chake cha sekondari kihalali, kisha akakuta mlango wa chuo anachokitaka umefungwa kwa kukosa lugha. Kwa kuwa lugha husomwa kwa miaka mfululizo, pengo hilo ni gumu kuzibwa darasa la 12.

Nafasi ya Kiswahili

AP haina mtihani wa Kiswahili. Hata hivyo, zaidi ya majimbo 40 hutoa Seal of Biliteracy, utambuzi ulioanzia California mwaka 2011 kwa wahitimu wanaomudu Kiingereza na lugha nyingine. Lugha hiyo si lazima iwe Kihispania. Kiswahili nacho kinaweza kukubaliwa pale wilaya ya elimu inapokuwa na njia ya kukipima. Baadhi ya vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha California, huzingatia pia miaka ambayo mwanafunzi alisoma katika shule iliyofundisha kwa lugha isiyo Kiingereza. Kwa sababu hiyo, vyeti na taarifa za maendeleo kutoka shule za nyumbani vitunzwe.

Hatua za kuchukua

Wazazi na walezi wanashauriwa kupata orodha mbili kabla ya kusaini fomu: masharti ya kuhitimu kutoka shuleni, na masharti ya udahili kutoka katika vyuo vinavyokusudiwa. Mshauri wa wanafunzi aulizwe lugha ianze darasa gani, sayansi ya kompyuta itahesabiwa katika kundi lipi, na iwapo Kiswahili kinaweza kupimwa. Mzazi asiyemudu Kiingereza ana haki ya kuiomba shule ya umma mkalimani bila malipo, na kijana hapaswi kubebeshwa kazi hiyo.

Kuuliza si ujinga. Mwanafunzi anayepanga mapema anaweza kusoma Kihispania na kompyuta pia, bila kulazimika kutoa kimoja ili apate kingine.