Shabu Hung'arisha Maji, Lakini Si Dawa ya Vijidudu

Wazazi wanapoleta watoto wanaoharisha, sisi wauguzi huuliza kwanza habari za maji. Wengine hutujibu kuwa maji yao ni meupe kabisa, kwa sababu wanatia shabu. Hapo ndipo penye hatari.

Shabu ni nini? Ni chumvi ya madini ya alumini, wala si chumvi ya kula. Ile ya mitambo ya maji hutengenezwa kwa kuyeyusha madini ya alumini katika asidi ya salfa. Viwanda vya karatasi huitumia ili wino usisambae, na watia rangi huitumia ili rangi ishike kwenye nguo.

Wakati wa mvua, maji ya Ruvubu na Kagera hubeba chembe ndogo sana za udongo. Chembe hizo husukumana, kwa hiyo hazitui upesi. Shabu huondoa msukumano huo. Chembe hushikana, huwa mabonge, na huzama. Vijidudu vingi huzama pamoja na tope, lakini vingine hubaki majini vikiwa hai.

Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, wakapiga kambi Benaco, wilayani Ngara. Maji ya bwawa yalitiwa shabu kwenye matangi, tope likatua, kisha yakatiwa klorini. Shikeni neno hilo "kisha". Klorini hufanya kazi vibaya katika maji ya tope, na shabu peke yake haitoshi.

Tena, kuzidisha ni hatari. Julai 1988, huko Camelford, Uingereza, tani 20 za chumvi hiyo zilimiminwa kwa makosa katika tangi lisilo lake. Watu walipata vidonda vya mdomo, kuharisha na vipele.

Basi nyumbani tufanye hivi:

1. Tutie shabu kidogo tu, tukoroge, tuyaache maji yatulie hadi tope lishuke.
2. Tumimine maji ya juu polepole katika chombo safi, tukichuja kwa kitambaa safi.
3. Tuyachemshe mpaka yatokote, au tutie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa.
4. Tuyahifadhi katika chombo chenye kifuniko, na shabu tuiweke mbali na watoto.

Maji kuwa meupe ni hatua ya kwanza tu. Mtoto asinywe kabla ya hatua ya tatu.