Somo la Redio: Kuchaji Betri za Ndege Ndogo

Sogeeni karibu na redio, fungueni madaftari yenu, tuanze somo letu.

Leo tutazungumza juu ya betri za ndege ndogo zisizo na rubani, zile ambazo watu huziita droni. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar ilianza kupiga picha za Unguja na Pemba kwa droni, ili kutengeneza ramani. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki katika kazi hiyo. Mwaka 2019 droni zilinyunyizia dawa mabonde ya mpunga, ili kuua viluwiluwi vya mbu wa malaria. Basi huenda kijana wako naye akaleta betri hizi nyumbani. Je, mnajua namna ya kuzichaji bila kuleta moto?

Kwanza, tuijue betri yenyewe. Ndani yake mna madini yaitwayo lithiamu. Betri ni nyepesi, lakini ina nguvu nyingi. Imegawanyika katika sehemu ndogo, na kila sehemu huitwa seli. Katika aina moja inayotumika sana, seli hujaa ikifika volti 4.2. Betri ya seli 3 hujaa ikifika volti ngapi? Pigeni hesabu: 4.2 mara 3 ni 12.6.

Mtungi ukijaa maji hufurika. Seli ikijazwa kupita kiasi haifuriki. Hupata joto, huvimba, na mwisho huweza kuwaka. Moshi wake ni sumu. Moto wake hata ukizimwa huweza kuwaka tena. Kwa hiyo tumia chaja iliyotengenezwa kwa betri hiyo, inayopima kila seli. Chaja ya betri ya gari haifai.

Sasa shikeni neno kubwa la leo: toa betri ndani ya ndege kabla ya kuichaji. Betri ikiwaka peke yake juu ya sakafu, umepoteza betri. Ikiwaka ndani ya ndege, umepoteza ndege, na pengine nyumba.

Hatari huzidi katika ndege za mfano zenye injini ndogo ya jeti. Injini hiyo huunguza mafuta ya taa, na betri ndiyo inayoendesha pampu ya mafuta. Betri na tangi la mafuta hukaa karibu. Wenye ndege hizo wengine huchaji betri ikiwa ndani, kwa sababu kuitoa ni taabu. Heri taabu hiyo kuliko moto. Kama betri haitoki kabisa, mwaga mafuta kwanza, fungua kifuniko, uchaji nje ya nyumba, wala usiondoke.

Je, tuchaji wapi? Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa. Lakini dari hulala juu ya boriti, na milango ni ya mbao. Vichochoro ni vyembamba. Gari la zimamoto halipiti kila mahali. Basi chaji juu ya sakafu ya mawe au saruji, mbali na kitanda, pazia na jiko. Usichaji usiku watu wamelala. Betri iliyotoka kuruka ni ya moto, ngoja ipoe. Iliyovimba au kupasuka usiichaji tena.

Umeme wa Unguja hupita katika waya ulio chini ya bahari, kutoka bara. Wengi wenu mnakumbuka kiza cha mwaka 2008, na kile cha Desemba 2009 hadi Machi 2010. Umeme ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, ngoja utulie ndipo uchomeke tena.

Ukiona moshi, kata umeme kama unaweza kuufikia bila hatari. Toa watu nje, watoto kwanza. Usivute moshi ule. Waite zimamoto.

Maswali. Jibuni katika madaftari yenu:

1. Kwa nini tunatoa betri ndani ya ndege kabla ya kuichaji?
2. Betri ya seli 4 za aina tuliyoitaja hujaa ikifika volti ngapi?
3. Nyumbani kwako, ni mahali gani panafaa kuchajia? Eleza sababu.

Someni tena somo hili pamoja na watu wa nyumbani. Kwaherini.