Mkono Wajua, Karatasi Hakuna

Juma lililopita nilivuka kutoka Shimoni hadi Mkwiro, mwisho wa mashariki wa Kisiwa cha Wasini, kumzuru fundi mmoja wa mashua. Nilimkuta kivulini, tezo mkononi, akichonga ubao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wanikuta peke yangu; msaidizi wangu yuko Mombasa, alipwa kibarua."

Msaidizi huyo ni mwanawe wa kumzaa. Ajua kupiga keekee na kukalafati hata maji yasipenye, ila skuli aliiacha njiani. Huko mjini aliingia karakana ya vyombo, akaandikwa katika daftari la wabeba mizigo. Mwenziwe, ambaye yeye ndiye aliyemwonyesha kazi, apata zaidi kwa kuwa ana cheti.

Nilicheka kwa uchungu, kwani nami yalinipata. Ujanani nilihesabu magunia katika bohari moja mjini. Nilikuwa nimetoka chuoni. Hesabu niliziandika kwa hati za Kiarabu, wala halikupotea gunia. Karani aliyesoma skuli alilipwa maradufu yangu, nami nikamwona tajiri wetu dhalimu. Siku moja zikaja karatasi za meli kwa Kiingereza. Mimi nilizigeuza juu chini. Karani alizisoma mara moja, na malori yakaondoka adhuhuri badala ya kulala. Hapo ndipo nilipofahamu: mshahara haupimi akili ya mtu, wapima kile ambacho kazi ile yaweza kukitumia.

Basi mjini elimu huzidisha pato kwa njia mbili. Kwanza, asomaye maelezo ya mashine hutenda mengi kwa saa ile ile na kuharibu machache. Pili, cheti humsemea mtu mbele ya tajiri asiyemjua. Mkwiro fundi hujulikana kwa mashua yake. Mombasa nani ameiona?

Sheria nayo hutazama karatasi. Katika amri ya mishahara ya Novemba 2024, kima cha chini cha kibarua wa kawaida wa Nairobi, Mombasa na Kisumu kiliwekwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Fundi asiye na daraja aliwekwa juu yake, kisha wa daraja la tatu, la pili na la kwanza, kila mmoja akimpita mwenziwe. Madaraja hayo hupatikana kwa mtihani wa ufundi wa NITA, ambao hupima kazi ya mikono pia.

Ndugu wasomaji, tusiwatoe watoto wetu chuoni, wala tusiwazuilie skuli. Na mwenye ufundi wa mababu tumhimize akapimwe.

Nilimweleza mzee hayo yote. Aliweka tezo chini.

"Nitamwambia aufanye mtihani huo. Lakini akiipata karatasi, mwanangu, atarudi Mkwiro?"

Sikumjibu. Nilimshikia ubao, naye akaendelea kuchonga.