Mdoli Asikae Kabatini

Mtoto akitoka bila kulia, leba nzima hunyamaza. Mama huinua shingo na kuuliza, "Sista, mbona halii?" Sista hana nafasi ya kumjibu kwa maneno. Ana sekunde 60, ambazo wakunga huziita dakika ya dhahabu. Kabla hazijaisha, mtoto awe amekaushwa kwa kitambaa kikavu na kusuguliwa mgongo, na kama bado hapumui, awe ameanza kupulizwa hewa kwa ambu, yaani ule mfuko wenye maski unaobinywa kwa mkono.

Haraka hii ina sababu. Tumboni mapafu ya mtoto yamejaa majimaji, na oksijeni yote humfikia kwa njia ya kitovu kutoka kondo la nyuma. Pumzi za kwanza ndizo zinazoyasukuma majimaji hayo yapishe hewa. Takriban watoto 85 katika kila 100 hulimaliza jambo hili wenyewe, na wengine kama 10 huzinduka kwa kukaushwa na kusuguliwa. Wachache waliobaki wanahitaji ambu. Kwa mtu mzima mara nyingi moyo ndio unaogoma kwanza, kwa hiyo tunakimbilia kumbonyeza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika. Moyo wa kichanga huwa haujaugua. Unazimika polepole kwa kukosa hewa, na ukiupatia hewa kwa wakati, aghalabu unarudi.

Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliweka waangalizi leba, mchana na usiku, wakiwa na saa za kupimia. Kwa watoto waliohitaji ambu, waliona kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kupuliza, hadi kufikia dakika sita, ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufa au kulazwa muda mrefu. Sekunde 30 ni muda wa kugeuka, kutafuta maski ndogo na kukuta iliyopo ni ya mtoto mkubwa.

Mwaka 2010 wakunga wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja kwa mtaala mpya wa kumsaidia mtoto kupumua, unaojulikana kwa kifupi HBB. Kifaa kikuu cha mafunzo hayo ni mdoli aitwaye NeoNatalie. Ukimjaza maji ya vuguvugu anakuwa na uzito wa kilo mbili hivi, na viungo vyake vinalegea kama vya mtoto aliyechoshwa na safari ya kuzaliwa. Mwenzako anakaa pembeni ameshika vipira vya kubinya: kimoja kinampandisha kifua kana kwamba anapumua, kingine kinapiga mapigo kwenye kitovu. Mshika vipira ndiye anayeamua kama mtoto ataamka. Mkufunzi mzuri hamwamshi mpaka kazi ifanyike sawasawa.

(Asili ya mdoli huyu inanifurahisha. Kampuni inayomtengeneza ni ya Stavanger, Norwei, na mwanzilishi wake, Åsmund Lærdal, alikuwa mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto. Mwaka 1960 alitoa mdoli wa kufundishia kuwapumulisha watu wazima, na tangu hapo kazi ya midoli ikawa nyingine kabisa.)

Turudi Haydom. Miezi michache baada ya mafunzo, wakunga walipimwa tena kwa mdoli, nao walifanya vizuri kuliko mwanzo. Lakini waangalizi wa leba, wenye saa zao, hawakuona mabadiliko kwa watoto halisi. Ujuzi ulikuwa umeishia kwenye meza ya mdoli.

Kwa sisi tunaofundisha, matokeo hayo yaliuma, ila hayakutushangaza. Tunazijua semina zetu: ukumbi wa hoteli, chai ya saa nne, posho, cheti na picha ya pamoja. Mshiriki anafaulu saa nane mchana mbele ya mwalimu, mikono haina jasho. Miezi mitatu baadaye, saa tisa usiku, yuko peke yake na wazazi watatu, taa inafifia, na mtoto ni wa bluu. Wakati huo kichwa hakirudi kwenye daftari la semina. Mikono inafanya ilichozoea, na mikono mingi imezoea kufyonza makamasi kwa muda mrefu huku dakika ikipita, kuikunja shingo ya mtoto nyuma kupita kiasi, au kuibandika maski ikavuja kidevuni. Maski ikivuja kifua hakipandi, na mpulizaji anaendelea kubinya akidhani anafanya kazi.

Kuanzia Februari 2011 Haydom wakabadili utaratibu. Mdoli akahamia wodini. Kila wiki mkunga akafanya zoezi la dakika tatu hadi tano palepale kazini, pamoja na marudio marefu kidogo ya mara kwa mara. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila vizazi hai 1,000. Takwimu inayonivutia zaidi, hata hivyo, ni nyingine. Watoto waliopulizwa kwa ambu walipungua, kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9, huku waliosuguliwa wakiongezeka. Ninavyoisoma mimi, wakunga waliwahi zaidi, na baadhi ya watoto wakazinduka kabla ya kuhitaji ambu.

Fikra hiyo imepanuliwa tangu wakati huo. Mpango uitwao Safer Births uliingia katika vituo 30 vya huduma za afya katika mikoa mitano ya Tanzania, na mazoezi mafupi ya wodini yakiwa sehemu yake kubwa. Matokeo ya vizazi kama 300,000, yaliyochapishwa mwaka 2025, yalionyesha vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na siku za mwanzo vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Mikoa haikulingana: mingine ilipata nafuu kubwa, mingine kidogo.

Zoezi fupi lina faida nyingine ambayo saa haipimi. Mdoli akiwa katikati, nesi mgeni anathubutu kumwambia mkubwa wake, "Dada, hewa inavuja," na mkubwa anairekebisha maski bila kununa. Neno likishazoeleka kwa mdoli, usiku wa hatari linatoka bila woga.

Katika wodi moja niliyokwenda kufundisha, nilimkuta mdoli bado yuko kwenye boksi lake, ndani ya kabati lenye kufuli. Msimamizi alihofia asiibiwe, maana kila kifaa kimeandikwa kwa jina lake. Nilimwelewa. Tulikubaliana kumsaini kwenye daftari la kupokezana zamu, kama tunavyosaini dawa kali: zamu ya asubuhi inamkabidhi kwa ya jioni, ya jioni kwa ya usiku, na kila anayempokea anampuliza kwanza ndipo anaweka sahihi.