Kuweka Nakala Halali ya Mfumo Endeshi katika Kompyuta ya Shule

Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilikwenda kuwakagua wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja nilimkuta mwalimu wa taaluma ameinama mbele ya kompyuta pekee ya shule. Alama zote za mitihani ya majaribio ya darasa la saba zilikuwa humo, lakini hakuna faili lililokubali kufunguka. Badala yake kioo kilionyesha tangazo la kudai fedha. Madaftari ya alama yalikwisha kuachwa, kwa kuwa "sasa tuna kompyuta". Walimu walilazimika kuwaomba watoto warudishe karatasi zao za mitihani, na wengi hawakuwa nazo tena.

Kompyuta ile ilikuwa imetiwa mfumo endeshi na fundi wa mjini, kwa bei ndogo na bila risiti. Fundi alipoulizwa alikiri kwamba, ili aifungue leseni kwa njia ya panya, aliizima kingavirusi, wala hakuiwasha tena.

Shabaha ya makala haya ni kumweleza mwalimu mwanafunzi namna ya kutambua nakala ya wizi, namna ya kuiondoa bila kupoteza kumbukumbu za shule, na namna ya kulifundisha jambo hili darasani.

Nakala ya wizi ni ipi?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayoiongoza kompyuta. Ndiyo inayopokea amri za mtumiaji, kupanga mafaili katika diski, na kuziwezesha programu nyingine zifanye kazi. Bila mfumo huo kompyuta ni sanduku tupu lenye nyaya.

Anayenunua mfumo kama Windows hanunui programu yenyewe ili aifanyie apendavyo. Hununua leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Kunakili programu bila ruhusa hiyo, au kutumia kifaa cha kuidanganya ili ijione imelipiwa, ni wizi wa kazi ya mtu. Kwa Tanzania Bara, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Nchini Kenya zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Ubaya wake hauishii katika sheria. Vifaa vya kuvunjia leseni hutoka kwa watu wasiojulikana, navyo hupewa mamlaka yote juu ya kompyuta. Kifaa cha namna hiyo chaweza kuingiza virusi au kuiba nywila. Aghalabu pia masasisho huzimwa ili udanganyifu usigundulike. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa mmoja katika Windows. Mwezi Mei mwaka huohuo virusi vilivyoitwa WannaCry vilipita katika ufa huo, vikafunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150, zikiwamo za hospitali nyingi za Uingereza. Waliokuwa wamesasisha mapema walisalimika na shambulio hilo.

Tambua kwanza hali ya kompyuta

Usikimbilie kununua. Chunguza mambo matatu.

Kwanza, uliza historia ya kompyuta. Nani aliweka mfumo? Risiti iko wapi? Je, nakala moja ilitiwa katika kompyuta zote za ofisi?

Pili, katika kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika slmgr /xpr, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Ukionyeshwa tarehe ya kuisha kwa kibali, leseni hiyo ni ya aina wanayopewa wenye mkataba wa kompyuta nyingi. Ikiwa kompyuta ni yako binafsi, au shule haina mkataba wowote, basi dalili ni mbaya. Hata hivyo, jibu kwamba kibali ni cha kudumu si ushahidi kamili, kwa maana hilo nalo huweza kughushiwa. Ushahidi wa kutegemewa ni risiti, au leseni iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani.

Tatu, chunguza kama kompyuta ilitoka kiwandani na Windows yake. Jambo hili hupuuzwa mara nyingi, nalo ndilo liwezalo kuiokoa fedha ya shule. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows hubeba namba ya leseni ndani ya ubao wake mkuu. Kufuta diski hakuifuti namba hiyo. Lakini leseni hufuata toleo: iliyo ya Windows Home haifungui Windows Pro. Hutokea fundi akaweka Pro ya wizi juu ya kompyuta iliyokuwa na haki ya Home. Mwenye mali basi anaiba kitu ambacho tayari alikilipia! Huyu akiweka upya toleo lililo sawa na leseni yake, kwa kawaida kompyuta huitambua yenyewe.

Hatua za kubadilisha

Wapo wanaodhani kwamba inatosha kununua namba halali na kuiingiza juu ya mfumo uleule wa wizi. Kufanya hivyo hutimiza sheria, lakini uchafu ulioachwa na kifaa cha kuvunjia leseni hubaki palepale. Ni sawa na kupaka chokaa ukuta ulioliwa na mchwa. Hapana budi kufuta na kuanza upya, kwa kufuata utaratibu huu:

1. Orodhesha mafaili yote muhimu: alama, orodha za wanafunzi, maandalio ya masomo, maazimio ya kazi na barua.

2. Nakili mafaili hayo katika vifaa viwili tofauti. Chukua maandishi, majedwali na picha tu. Usichukue programu, kwani huenda zina virusi.

3. Fungua nakala hizo katika kompyuta nyingine yenye kingavirusi iliyosasishwa. Nakala ambayo haijajaribiwa isihesabiwe kuwa nakala. Asiyepita hatua hii asiendelee.

4. Kwa kutumia kompyuta iliyo safi, pakua kisakinishi kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, ukiweke katika flashi. Kwa Windows flashi iwe na nafasi ya GB 8 au zaidi.

5. Washa kompyuta kwa flashi hiyo, futa sehemu zote za diski ya zamani, kisha sakinisha mfumo mpya.

6. Hakikisha leseni imekubaliwa. Sasisha mfumo mpaka mwisho, na uthibitishe kwamba kingavirusi inafanya kazi.

7. Rudisha mafaili baada ya kuyapima tena.

8. Badilisha nywila za barua pepe na za huduma za fedha, kwani huenda za zamani zilikwisha kuibwa. Tunza risiti katika jalada la shule.

Kama fedha hazipo

Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hiyo anayenunua leo atazame Windows 11, ambayo hudai kumbukumbu ya GB 4, hifadhi ya GB 64, kichakato kilichoidhinishwa, na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta nyingi kuukuu za shule zetu hazifikii kipimo hicho.

Umaskini, hata hivyo, haumlazimishi mtu kuiba. Ipo mifumo huru iliyojengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Mifano yake ni Ubuntu na Linux Mint. Leseni yake humruhusu mtu kuinakili na kumgawia mwenziwe bila malipo. LibreOffice, inayopatikana humo pia bila malipo, huandika barua na kupanga majedwali ya alama. Ziko programu ambazo hazitafanya kazi katika Linux, na walimu watahitaji siku kadhaa za kuzoea. Jaribu kwanza kwa flashi kabla ya kufuta diski. Ubuntu na Linux Mint huruhusu jaribio hilo.

Kulifundisha darasani

Usianze na kompyuta; anza na jambo ambalo mtoto analijua. Katika darasa la tano, wape wanafunzi dakika 10 wachore picha na kuandika majina yao. Kusanya picha chache kwa ridhaa ya wenyewe, funika majina, kisha mwambie mwanafunzi mwingine aziuze kwa vijiti kana kwamba ni zake. Waulize wachoraji wanajisikiaje. Baadaye mchoraji mmoja atangaze kwamba yeye anamruhusu kila mtu kunakili picha yake. Hapo watoto watakuwa wamekutana na leseni mbili, ya kulipiwa na ya huru, kabla ya kulisikia neno lenyewe.

Somo hilo litakuwa na nguvu ikiwa kompyuta iliyo mbele yao ni halali. Siku moja mtoto atauliza, "Mwalimu, hii yetu tuliinunua?" Jibu lake litafutwe kabla ya siku hiyo.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini kuingiza namba halali juu ya mfumo wa wizi hakutoshi?

2. Shule yako ina kompyuta tatu kuukuu na haina fedha. Eleza hatua utakazomshauri mwalimu mkuu azichukue.

3. Andaa somo la dakika 40 kuhusu kuheshimu kazi ya mwingine, bila kutumia kompyuta.