Kutoka Kitale na Bungoma hadi Warsha ya Mtandaoni: Utayarishaji na Uwasilishaji wa Makala

Mnamo tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, na siku mbili baadaye Rais akaamuru shule na vyuo vifungwe. Wanafunzi wa Kiswahili walirudi makwao, wengine Bungoma, wengine mashambani Kitale, na warsha za kitaaluma zikahamia mtandaoni. Ugonjwa ulipopungua, si warsha zote zilizorudi ukumbini. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, jambo hilo ni la heri, kwani nauli na malazi ya Nairobi, Dar es Salaam au Bayreuth hayamfungii tena mlango. Hata hivyo mlango huo una kizingiti chake, na makala mengi mema hujikwaa hapo kabla ya kusomwa.

Kikwazo cha kwanza ni ikisiri. Aghalabu wito wa makala hudai ikisiri fupi, ya maneno mia mbili na hamsini au mia tatu hivi. Mathalani, mwanafunzi wa Bungoma huweza kuleta mada "Athari za Lugha ya Kwanza katika Kiswahili". Hiyo si mada, ni bahari. Kibukusu hakina vipasuo ghuna b, d na g isipokuwa vinapotanguliwa na nazali. Ndiyo maana baadhi ya wasemaji wake hutamka "papa" pale walipokusudia "baba", na samaki akachukua nafasi ya mzazi. Ikiwa mwandishi ataeleza kwamba amewarekodi wauzaji wa soko moja, kwamba anachunguza iwapo umri wa msemaji hubadilisha matamshi hayo, na kwamba data yake imeonyesha hili na lile, mhakiki atajua mara moja anachoahidiwa. Ikisiri isemayo tu kwamba "utafiti utabainisha mambo mbalimbali" haijabainisha lolote.

Ni vyema mwanafunzi wa maeneo haya ajue utajiri alio nao. Jumba la Makumbusho la Kitale, lililofunguliwa mwaka 1974, lilitokana na mkusanyiko wa Hugh Stoneham, aliyeanzisha jumba lake mwaka 1926. Masimulizi ya vita vya Chetambe vya mwaka 1895, au ya Elijah Masinde na Dini ya Msambwa, bado yanasimuliwa majumbani, na mtaalamu aliye ng'ambo hana wazee hao jirani. Lakini mzee akirekodiwa ni lazima aombwe ridhaa, na aelezwe kwamba sauti yake huenda ikasikika mbali na kijiji chake. Isitoshe, utafiti nchini Kenya huhitaji kibali cha NACOSTI. Kibali hicho hutafutwa kabla ya kwenda nyanjani, si usiku wa kuamkia warsha.

Suala la saa limewaponza wengi kuliko sarufi. Msemaji wa Kiswahili akiandika "saa 8:00" akikusudia mchana, mwenzake wa London huielewa kuwa asubuhi. Kenya haibadilishi saa zake mwaka mzima, ilhali Ulaya na Marekani hubadilisha. Hivyo Nairobi huitangulia London kwa saa mbili katika majira yao ya joto na kwa saa tatu katika majira ya baridi. Mwandalizi mwangalifu huandika "saa nane mchana (14:00), saa za Afrika Mashariki" na kumaliza ubishi. Baadhi ya wito husema kwamba makala yatapokelewa hadi tarehe ya mwisho iishe "popote duniani", maana yake hadi siku hiyo imalizike mahali ambapo siku huchelewa zaidi kwisha. Kwa aliye Kitale, huo ni mwendo wa hadi saa tisa alasiri ya siku inayofuata. Hata hivyo, anayengoja dakika hiyo amekabidhi kazi yake kwa mtambo wa saiba.

Faili lenyewe lina adabu zake. Makala yakitakiwa yasiwe na jina ili mhakiki asimjue mwandishi, jina halifutwi kwenye ukurasa wa kwanza pekee. Hubakia pia katika sifa za faili, na tena pale mwandishi anaposema "kama nilivyoeleza katika tasnifu yangu". Vilevile programu za uandishi zilizotegwa kwa Kiingereza huyageuza maneno ya Kiswahili bila idhini. Kuhusu iwapo chombo chenyewe ni tarakilishi au kompyuta, mjadala huo na uendelee. Mhakiki hatakata alama.

Kwa upande wa waandalizi, kosa kubwa ni kulihamisha kongamano la ukumbini jinsi lilivyo na kulitia kwenye skrini. Hakuna awezaye kukodoa macho kutwa nzima, na bando la mwanafunzi huisha kabla ya hamu yake. Afadhali makala yasambazwe wiki moja kabla, kila mwandishi apewe dakika kumi za muhtasari, na muda uliosalia uwe wa maswali. Wanafunzi wa Bungoma wanaweza kukusanyika katika chumba kimoja, wa Kitale katika kingine, kila kundi likitumia laini moja badala ya kila mtu kutumia yake. Hapo sharti kipaza sauti kimoja tu kiwe wazi chumbani. Viwili vikiwaka pamoja, mwangwi humeza maneno yote.

Saa ya kikao nayo ni mtihani. Washiriki wa New York huamka wakati Kitale ni alasiri, na alasiri ndiyo saa ya mvua na radi katika nyanda hizi. Umeme hukatika. Tarehe 25 Agosti 2023 ulipotea takriban nchi nzima, na nyaya zilizofika Mombasa chini ya bahari mwaka 2009 hazimsaidii mtu ambaye chombo chake kimezima. Kwa hiyo mwasilishaji arekodi muhtasari wake mapema na kumtumia msimamizi wa kikao, ili sauti yake isikike hata kama mwenyewe yumo gizani.

Baada ya kikao, mwandishi anakili maswali yaliyoandikwa kwenye ubao wa mazungumzo kabla ya chumba kufungwa, kwa sababu mara nyingi maandishi hayo hupotea pamoja nacho. Hayo ndiyo atakayojibu anapoyasahihisha makala. Anapotaka kuyapeleka kwenye jarida, awaulize kwanza waandalizi iwapo watachapisha kumbukumbu za warsha, kwani majarida mengi hayapokei makala yaliyokwisha kuchapishwa kwingine.