Kadi Mbili Zenye Sura Moja

Tangu Lamu hadi Vanga, kadi za benki zimejaa katika mikoba ya akina mama na pochi za akina baba. Kwa sura zafanana: nambari, tarehe ya mwisho, na nembo ya Visa au Mastercard. Lakini nembo haielezi pesa zinazotumika ni za nani, na hapo ndipo penye tofauti.

Kadi ya debiti hutumia pesa zako mwenyewe. Ukinunua vyakula vya shilingi 3,000, salio lako hupungua papo hapo. Gharama yake ni ada ya kadi na ada ya kutoa pesa, ambayo mara nyingi huwa kubwa zaidi katika mashine ya benki nyingine. Ukiitumia Makka wakati wa umra, hutarajiwa pia makato ya kubadilisha sarafu. Kadi ya kujazwa kabla yaenda njia hiyohiyo, nayo yamfaa kijana aliyeko chuoni: hatumii zaidi ya alichotiliwa.

Kadi ya mkopo ni jambo jingine kabisa. Pesa ni za benki, nawe umekopa. Ukilipa zote ndani ya muhula, hakuna nyongeza. Ukilipa kile kiasi cha chini tu, baki huzaa. Tuseme deni ni shilingi 50,000 na riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Ukilipa 5,000, shilingi 1,500 zimeliwa na riba, na deni limepungua kwa 3,500 pekee. Ukitoa pesa taslimu kwa kadi hiyo, kwa kawaida riba huanza siku ileile.

Wako wasemao, "Mimi hulipa mapema, riba hainigusi." Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Riyadh, Septemba 2000, liliamua kwamba kadi ya namna hiyo haijuzu iwapo mkataba wake washurutisha riba, hata kama mwenyewe amenuia kulipa ndani ya muhula. Sahihi imekwisha kutiwa. Hata hivyo, baraza halikukataza kila ada: ada maalumu ya kutoa au kuhuisha kadi yaruhusiwa, kwa kuwa ni ujira wa kazi. Ada ya kuchukua pesa taslimu nayo isipande kwa kadiri ya mkopo.

Kenya ina benki zifuatazo sharia tangu 2008, ila twaona jina pekee halitoshi. Huko nako na tuulize: nikichelewa kulipa, huongezwa nini, na pesa hizo huenda wapi? Jibu na litolewe kwa maandishi.